Kambare Si Shahidi

Nasikia kuna vijana wa Majengo na Tononoka mmeishika kazi yetu ya visima, na kwamba siku hizi mwashuka na kofia ngumu na taa ya kipajini. Mashallah. Naona fahari, na kijicho pia naona, ya nini niseme uongo. Lakini juzi nalikuwa napita kichochoroni hapa Mji wa Kale, nikamsikia mmoja wenu amwambia mama mwenye nyumba, "Usihofu mama, humu mna samaki mzima, maji hayana neno." Wallahi nalisimama nikaganda. Fimbo ikanitoka mkononi. Yule kijana akaniuliza, "Babu, vipi, wahisi vibaya?" Nikaiokota fimbo, nikaenda zangu. Jibu lake ni hili, na nyinyi wengine sogeeni msikie.

Mimi ni Shee, fundi wa visima. Nimestaafu, magoti yameikataa kamba. Kazi yangu ilikuwa kusafisha visima na mabirika ya nyumba za zamani na misikiti, kuanzia nyuma ya Ngome mpaka huko Majengo. Kutoa tope, kuziba nyufa, kutoa paka, kutoa sufuria, na mara moja kutoa meno ya bandia ya bwana mmoja ambaye simtaji, maana wajukuu zake wangali waringa mtaani.

Kabla sijafika nendako, chukueni haya ya bure. Kabla ya kushuka teremsheni taa ya utambi, si tochi. Tochi haina pumzi, itawaka hata kuzimu. Utambi ukizimika ujue nawe utazimika, rudi kwenu ukanywe chai. Pampu ya petroli iacheni juu, tena mbali na mdomo wa kisima, kwani moshi wake washuka na humuua mtu akiwa bado atafuta pa kukanyaga. Kamba hufungwa kwapani, haifungwi kiunoni. Na maji hunuswa kwanza kiganjani, ulimi waja baadaye. Mimi niliyafuata haya yote miaka na miaka, kisha siku moja nikaona nimeshakuwa mkubwa mno wa kunusa.

Sasa, habari ya samaki. Kwetu sisi kisima bila samaki kilikuwa kama nyumba bila mlango. Tulitia visamaki vidogo vya maji matamu, urefu wa kidole, tulivyoletewa kutoka mitoni huko bara ya pili, ng'ambo ya kisiwa. Kazi yao ya kwanza ni kula viluwiluwi vya mbu. Kazi ya pili nalifunzwa na Fundi Famau, aliyenifundisha kila ninachokijua. Alikuwa mfupi, mkali, na hakupenda maneno mengi. Aliniambia, "Shee, samaki mdogo ni shahidi. Maji yakiingia uchafu, wa kwanza kufa ni yeye. Ukimkuta yuwaelea tumbo juu, usimuulize mtu. Funga kisima."

Nami kwa ujanja wangu, mwaka wangu wa kwanza, visamaki vya mtoni vilipokosekana, nikashuka pwani maji yalipokupwa, nikashika samaki wawili kidimbwini, nikaenda kuwatia katika kisima cha Bi Zena. Samaki si samaki? Kesho yake asubuhi nasikia ukelele mtaa mzima. Wamekufa wote wawili. Bi Zena kajishika kichwa, ashamtuhumu wifi yake kwamba kamtilia sumu, na wifi naye kafunga leso kiunoni yuko tayari. Fundi Famau akaja, akanusa maji, akaonja, akanitazama.

"Samaki gani hawa?"

"Wa baharini, ami."

Akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akasimama akanitandika kofi la kisogo. "Na wewe tukikutia baharini utaishi? Kamuombe radhi yule wifi." Nikaenda nikaomba radhi, na tangu siku ile kila nilipotaja samaki mbele yake aliniuliza vilevile, samaki gani.

Miaka ikapita. Fundi Famau akazeeka, mato yakamtoka nuru, akawa haoni, akahamia Tononoka kwa bintiye. Mimi nikabaki na visima vyake vyote. Mwezi wa Shaabani ndio ulikuwa msimu wetu, kila mtu ataka kisima safi kabla ya Ramadhani. Basi Shaabani moja, si zamani sana, naliitwa kusafisha kisima cha msikiti wetu mdogo. Mwangalizi wake ni Maalim Mbwana, ambaye pia husomesha watoto Kurani hapo ubavuni mwa msikiti. Mtu mpole, mwenye sauti nzuri, ila moyo wake ni wa kuku.

Tukavuta maji mpaka yakabaki ya kifundoni. Nikateremka, Maalim ameshika kamba juu. Nikaanza kuchota tope. Mara kitu kizito, baridi, chateleza, kikanipita baina ya miguu, tena kina ndevu! Zikanipapasa muundi, moja baada ya nyengine. Nikapiga ukelele ambao sijapata kuupiga tena. Huko juu Maalim naye akaanza kusoma Ayatul Kursiyyu kwa sauti, na kamba akaiachilia.

"Maalim, kamba!"

"Nasoma, Shee, nasoma!"

"Soma nawe umeshika kamba!"

Nilipopata pumzi nikaelekeza taa. Alikuwa kambare. Mrefu kama mkono wangu kuanzia bega mpaka ncha ya vidole, mweusi, hana hata gamba moja, kichwa bapa kama kandambili, na sharubu nane zacheza usoni. Amejilaza topeni, mgongo nje ya maji, na hana wasiwasi, kinywa chafunguka na kufumba. Vile visamaki vyangu vidogo hakikubaki hata kimoja.

"Kambare!" nikamwambia Maalim. "Nani kamtia?"

Akachungulia. "Lo! Kumbe ndiye yule! Nalipewa na shemegi yangu kutoka bara, alikuwa ndani ya chupa ya jemu, mdogo kama sindano. Nikasema naye ale mbu. Mwache, Shee, amekuwa mwenyeji."

Nikacheka, nikasema huyu bwana amewala majirani zake. Nikamwacha. Kisima kikajaa, mambo yakaendelea. Watoto wa Maalim wakamwita Sharubu. Kila ndoo ikiteremka, yeye aja juu, afungua kinywa, "gup!", arudi chini. Watu wakawa wasema awasalimu. Wazee wazima, wanangu, wenye kanzu na vilemba, wamwambia samaki "Wa aleikum salaam." Na mimi nikiwa hapo nikicheka nao.

Kisha mabomba yakakauka mtaani kwetu. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mikokoteni ya maji ikija, watu wararuana. Kisima cha msikiti mpaka siku ile kilikuwa cha udhu na kufulia tu, lakini Maalim akaona haifai watu wateseke na maji yako pale. Akaniita. Nilipofika nalikuta akina mama wamepanga mitungi ya plastiki kutoka mlangoni mpaka kona. Wa mbele kabisa ni dada yangu Mwanakombo. Yeye ndiye aliyenilea tangu mamangu afariki, mimi nina miaka sita. Nimekula mkononi mwake, nimepigwa na mkono huohuo.

"Shee," Maalim akasema, "wewe ndiwe fundi. Yanywika?"

Nikainama. Maji meupe pe, waona mpaka mawe ya chini. Ningenusa, ningeonja, ningesema nipeni siku mbili nitie visamaki vidogo kwenye debe la maji haya tuone. Lakini mtaa wote wanitazama mimi, na Sharubu naye akachagua saa ileile kuja juu. "Gup!" Mnene, ang'ara.

"Kunyweni," nikasema. "Bismillahi. Si mwamuona samaki? Yu hai, ana afya kuliko sisi."

Wakashangilia. Dada akajaza kikombe, akanywa palepale. "Yana munyu kidogo," akasema, "lakini mazuri." Nikajiona mtu mbele za watu.

Siku ya tatu nikaenda Tononoka kumjulia hali Fundi Famau. Nalimkuta amekaa barazani, mato yatazama pasipo kitu, mkononi tasbihi.

"Nasikia mumefungua kisima cha msikiti."

"Naam, ami. Watu wanywa, wakuombea dua wewe uliyenifunza."

"Umeyapimaje?"

"Samaki yu hai, ami. Mkubwa, hodari."

"Samaki gani?"

"Kambare."

Tasbihi ikasimama. Nikadhani kasinzia.

"Yuwafanyani humo?"

"Yuwaishi tu. Kila mara aja juu awasalimu watu."

"Awasalimu?" Akainuka kitini, yule mzee ambaye hainuki ila ashikwe na watu wawili. "Baradhuli wee! Yule aja kuvuta pumzi! Kambare avuta hewa ya juu kama wewe na mimi. Maji yawe ya choo, yawe mavi matupu, yeye hana habari, ndiyo kwanza anenepa! Wale wadogo wako wapi?"

"Aliwala, ami."

"Basi amemla shahidi, nawe ukamwapisha yeye." Akakaa. "Nani amekunywa?"

"Mtaa mzima." Nikaanza kupapasa viatu. "Dada Mwanakombo alikuwa wa kwanza."

"Wafanyani hapa?"

Nalitoka bila kuaga, kiatu kimoja mguuni na kimoja mkononi, nikadandia tuktuk. Akilini mwangu nikijiambia labda Fundi amezeeka, labda amechanganyikiwa, na hapohapo nikijua kwamba hajapata kukosea neno la kisima tangu nimjue. Nilipofika msikitini Maalim Mbwana alikuwa amesimama mlangoni peke yake.

"Shee, leo wamekuja watoto watatu tu. Wengine matumbo. Wasema waendesha na kutapika tangu alfajiri."

Naliburura mlango wa mbao uliokuwa umeegemezwa ukutani, nikaufunika juu ya kisima, nikaweka mawe. Mama mmoja alikuja na mtungi akaniuliza kuna nini, nikamwambia kwa ukali arudi kwao akamwage yote aliyonayo. Kisha nikakimbia kwa dada.

Nalimkuta sakafuni chooni. Mwanakombo yule, mwanamke wa kishindo, akipika pilau ya arusi mikono miwili ikishika mwiko kama kasia, alikuwa amekunjika kama nguo iliyokamuliwa. Mato yameingia ndani. Nikamshika mkono, nikavuta ngozi kidogo, ngozi ikabaki vilevile juu, haikurudi. Wanangu, mimi nimeona mengi chini ya ardhi, sijapata kuona kitu kilichonitisha kama ile ngozi. Nikalia kwa sauti, mtu mzima, majirani wakaja mbio.

Hospitali wakamtundikia dripu mikono yote miwili. Daktari, msichana mdogo mwenye miwani, akaniuliza maji wamekunywa wapi. Nikasema kisimani. Akauliza nani aliwaambia yanywika. Nikamwambia, "Mimi." Akaniangalia, akaandika. Ningependa angenikaripia. Akaniambia hali ya dada ni mbaya, ameishiwa maji mwilini, tungoje. Siku mbili tulingoja. Katika siku zile mbili kila machela ikipita kwenye ukumbi naliinuka, kwa sababu nyumba saba za mtaani kwetu zilikuwa na wagonjwa, na wote waliletwa na neno langu.

Fundi Famau akampigia Maalim simu. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: "Tieni buluu."

Labda hamuijui hii kazi ya buluu, siku hizi mwaijua ile ya kufulia kanzu tu. Ukishuku choo cha jirani chavuja kisimani, watia buluu nyingi chooni, wamwaga maji, wangoja. Sasa, nyuma ya msikiti palikuwa pamejengwa ghorofa jipya, vyumba juu ya vyumba. Mwenyewe tulipomwendea alikuja juu. "Tangi langu la choo limepigwa saruji na mainjinia! Nyinyi watu wa visima mwataka kunichafulia jina!" Maalim, yule yule wa moyo wa kuku, akamwambia taratibu, "Basi bwana, hutaogopa buluu." Tukanunua buluu yote ya maduka manne. Tukatia katika kila choo cha nyumba ile baada ya adhuhuri.

Tukaondoa mlango juu ya kisima, tukakaa kando. Maji meupe. Ikapita saa nzima, meupe. Mwenye ghorofa akaanza kutabasamu. Karibu na alasiri Maalim akanishika kiwiko, akanifinya mpaka kucha zikaingia.

Pembeni, kwenye jiwe moja la ukuta wa kisima, ulikuwa umetoka uzi mwembamba wa buluu. Ukashuka, ukatanda. Mbele ya mato yetu maji yale tuliyokunywa, tuliyotawadhia, yaligeuka taratibu mpaka kisima kizima kikawa rangi ya maji ya kufulia kanzu ya Idi. Halafu katikati ya buluu ile akatokea Sharubu. Akafungua kinywa. "Gup!" Akashuka, mzima wa afya, akarudi palepale penye ufa. Ndipo tukafahamu alikuwa anenepea nini. Mzee mmoja akakimbilia ukutani akatapika.

"Lahaula," Maalim akasema. "Lahaula wala quwwata. Na mimi nalikuwa nikimuitikia salamu."

Mwenye ghorofa alikaa chini kwenye ngazi za msikiti, viatu vyake mkononi, rangi imemtoka. Siku ileile alileta mafundi wafukue tangi lake, nasi tukakifunga kisima. Sharubu tulimtoa kwa ndoo mbili zilizofungwa pamoja, akanichoma kiganja kwa mwiba wa pezi kabla hajakubali. Bwana mmoja wa Majengo, mtu wa kutoka ziwani, alimuomba akamle, akasema kwao kambare wa ukubwa ule ni heshima ya mgeni. Maalim akamkatalia katakata. Mnyama aliyekula najisi ni jallala, haliwi mpaka afungiwe na kulishwa safi hata nyama yake irudi njema, na nani ana birika la kumfungia? Wakabishana mpaka maghribi, samaki awatazama kutoka ndooni kwa vijicho vyake vidogo. Mwisho akapelekwa bara ya pili, akatiwa mtoni. Mimi sikuenda kumuaga.

Hakuna aliyekufa, alhamdulillahi. Watoto waliinuka kwanza, kisha wakubwa. Dada alikuwa wa mwisho. Walipomruhusu kurudi nyumbani, mabomba yalikuwa yameanza kutoa maji tena, kidogokidogo, yakikohoa.

Nalikwenda kwake nikiwa nimejitayarishia maneno ya radhi, nimeyapanga toka hospitalini. Nikakuta chumba kimejaa akina mama, walewale wa mitungi, waliokunywa. Nikaamkia, wakaniitikia vizuri, jambo lililoniuma zaidi. Nikakaa karibu na mlango. Zainabu, mjukuu wa dada, akaleta maji ya bomba kwenye gilasi, akampa. Dada akaipokea kwa mikono miwili, kwani mmoja bado ulikuwa hauna nguvu. Akaileta karibu na kinywa. Akasita. Akaniangalia mimi.

"Haya, Shee," akasema. "Yanywika?"

Wote wakanigeukia. Nilidhani anikejeli, nikamtazama usoni nione, na hapakuwa na kejeli hata chembe. Alikuwa auliza kweli. Siku ya kisima cha buluu haikunitikisa hivi.

"Dada, baada ya haya yote bado waniuliza mimi?"

"Kwani siku ile nalimuuliza nani? Mimi nimjulie wapi kambare? Nalikunywa kwa sababu ulisema wewe." Akaisogeza ile gilasi, maji yakamwagikia leso. "Sema basi. Nina kiu."

Wanangu, miaka yote niliyoshuka visimani sikupata kutamka mbele ya mtu neno nililolitamka pale. Nalitafuta jengine, sikuliona.

"Sijui, Dada," nikasema. "Tuyachemshe kwanza."

Akaiweka gilasi chini, akamwita Zainabu alete sufuria.